Hapa Durban Aliitwa Tonton

Desemba iliyopita nilimpeleka binti yangu baharini, na kabla hatujakanyaga mchanga kijana mmoja mwenye kizibao cha njano akatusimamisha. Kila msimu wa sikukuu hapa Durban wanafanya hivyo. Watoto wanafungwa utepe wa plastiki mkononi, unaandikwa jina la mtoto na namba ya simu ya mzazi, maana watu wanakuwa wengi mno ufukweni na watoto wanapotea ovyo. Kijana akachomoa kalamu nene ya wino, ile yenye harufu kali inayopanda hadi kichwani, akaniuliza bila hata kuinua macho mimi ni nani kwa huyu mtoto. Nikamjibu kwa sauti kubwa mno kwamba mimi ni mama yake. Watu wakageuka. Binti yangu akaninong'oneza kwamba namtia aibu. Lakini ile harufu ya wino ilikuwa imeshanirudisha kwenye Krismasi ninayotaka kuisimulia, na nitaisimulia kwa uchungu kwa sababu sijui namna nyingine. Watu wananiambia mambo hayo yamepita. Yamepita kwao.

Nilikuwa bado mdogo wa kubebwa begi. Mimi na mama tuliishi Yeoville, Johannesburg, katika chumba kimoja, na mama alikuwa amepata kazi ya nyumbani kwa familia moja ya mbali, kazi ya kulala hukohuko, na wenye nyumba walisema hawataki mtoto. Papa yangu alikuwa Durban. Alikuwa ametangulia kutafuta maisha nikiwa sijajua hata kufunga kamba za viatu, na nilimfahamu zaidi kwa sauti, kwa sababu alitupigia simu baadhi ya Jumapili. Wakazungumza, wakakubaliana niende kula Krismasi kwake, na mambo yakienda vizuri nibaki, shule zikifunguliwa Januari nianze kusoma hukohuko. Mama alinieleza hayo akinisuka nywele, akivuta kuliko kawaida yake. Nisile kwa pupa. Niamke mapema. Nisaidie kuosha vyombo kabla ya kuambiwa. "Ukikaa vizuri, papa yako atakubakisha," akasema. Nikaelewa kwamba nakwenda kufanya mtihani.

Niseme jambo moja ambalo wengi wenu mnalijua. Kwetu Kivu, mashariki ya Kongo, kama kwenu pengine, mtu mzima akishapata mtoto haitwi tena kwa jina lake. Anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mama yangu jengo zima la Yeoville lilimwita kwa jina langu, mpaka mwenye nyumba alipokuja kudai kodi alibisha hodi kwa jina langu. Na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza wa papa. Kwa hiyo njia nzima ndani ya basi niliwaza kwamba Durban nako kuna mtu anaitwa kwa jina langu kila siku, dukani, kazini, kanisani, na watu wanalitamka bila kunijua. Nilijiona mtu mashuhuri anayekwenda kujionyesha.

Basi lilijaa watu wa Joburg wanaokwenda likizo, na wengi walibeba chupa tupu za plastiki. Nilimuuliza mama mmoja aliyeketi karibu yangu za nini, akaniambia ni za kurudi na maji ya bahari, yanasafisha mwili na nyumba. Nilimwonea huruma kwa sababu yeye alikuwa anarudi. Tulipofika, papa alikuwa amesimama kando ya ukuta. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Nilimkimbilia, naye akachuchumaa, akainyoosha kola ya gauni langu vizuri kabla ya kusema lolote.

"Sikia," akasema. "Hapa Durban mimi ni tonton. Papa ni ya Joburg. Umeelewa?"

Tonton ndilo neno letu la mjomba au baba mdogo, tulilorithi kwenye Kifaransa. Nikaitikia kwa kichwa. Mngeniuliza siku ile ningewaeleza bila kusita: kila mji una maneno yake. Mama alikuwa ameniambia kwamba kule mambo ni tofauti, joto ni tofauti, chakula ni tofauti. Basi na baba ana neno lake la huko. Nilirudia njia nzima kimoyomoyo, tonton, tonton, nisije nikakosea swali la kwanza.

Walikaa Albert Park, kwenye ghorofa refu ambalo lifti yake ilikuwa imekufa na watu wanaitumia kutunzia ndoo. Sebule ilikuwa imegawanywa kwa mapazia, nyuma ya pazia moja waliishi Warundi wawili waliokuwa wakiondoka alfajiri. Chumba chenyewe kilikuwa cha papa. Kabla hatujabisha, mwanamke akauliza kutoka ndani, "Papa Gloire, mumefika?" Mimi nikageuka kutazama ngazini huyo Papa Gloire ni nani aliyekuwa anatufuata. Hakukuwa na mtu. Mlango ukafunguliwa, na kitoto cha kiume chenye tumbo wazi kikamrukia papa yangu shingoni kikimwita papa.

Nakumbuka nilivyosimama pale na begi langu nikijaribu kupanga hesabu ikubali. Gloire alikuwa mdogo kwangu kwa mbali. Wa kwanza ni mimi. Nikaamua kwamba jina la papa lina foleni, na Gloire alikuwa amefika Durban kabla yangu, basi alikuwa mbele. Zamu yangu ingefika. Papa akanitambulisha kuwa mimi ni mtoto wa dada yake, nimekuja kula sikukuu. Mama Gloire, ambaye alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alinitazama muda mrefu, akanipangusa jasho kwa upande wa kanga yake, akanishika sikio la kulia kwa vidole viwili. Masikio yetu, mimi na papa, yamechomoza kwa juu kama yamekunjwa. Akanichotea maji ya kuoga.

Sasa naelewa papa alichokuwa anakilinda. Alikuwa shemasi kwenye kanisa lao, ukumbi wa kukodi juu ya maduka, na alipomwoa Mama Gloire alisimama mbele ya mchungaji akasema hajawahi kuwa na mke wala mtoto. Mchana alilinda magari kwenye maegesho ya maduka kule Sydenham, amesimama juani na kizibao chake, watu wakimpita kama nguzo. Lakini Jumapili alivaa suti, akakusanya sadaka, na watu wazima wakampisha njia wakimwita Papa Gloire. Hicho ndicho alichokuwa nacho duniani. Mimi ningekigusa kingeporomoka. Naelewa, narudia kusema naelewa, na kuelewa hakujanipunguzia hata chembe.

Hakunipiga, hakuninyima chakula. Alileta chipsi za siki zilizofungwa kwenye karatasi, akagawa sawasawa. Ila hakukaa na mimi peke yetu. Nikiingia chumbani yeye anakumbuka kitu sebuleni. Nikaamka kabla ya wote, nikaosha vyombo vyetu na vya wale Warundi pia, nikambeba Gloire mgongoni mpaka mgongo ukauma, nikasubiri anione. Mama Gloire ndiye aliyeona. Alinifundisha kukanda unga wa mikate, yale maandazi yetu ya mviringo, akaniambia mkono wangu ni mwepesi.

Wiki ya Krismasi Mama Gloire akaleta kitenge cha bluu chenye ndege weupe. Kwetu familia inayojiheshimu inakwenda kanisani siku ile imevaa kitambaa kimoja, baba shati, mama gauni, watoto vivyo hivyo, ili watu wakiwaona tu wajue hawa ni wa nyumba moja. Tukashuka kwa fundi cherehani aliyekuwa chini ya ngazi. Akampima Gloire, kisha Mama Gloire akanisukuma mbele na mimi nipimwe. Papa akasema haraka kwamba hakuna haja, mimi ni mgeni, nina nguo zangu. Fundi akabaki na utepe wa kupimia mikononi, akimtazama huyu na yule. Nguo hazikuongezwa. Lakini usiku wa kuamkia sikukuu Mama Gloire aliokota vipande vilivyobaki, akanishonea kwa mkono kitambaa cha kufunga kichwani, na asubuhi nikaenda nacho kanisani nikitembea shingo imenyooka. Papa alinifuata mlangoni. Akasema kimekaa upande. Akakivua kichwani mwangu, akakikunja, akakitia mfukoni, akaingia kukusanya sadaka.

Baada ya ibada watu wote walishuka baharini kwa miguu, na sisi pia. Kwenye kuingia, vijana wakawafunga watoto utepe. Papa akataja namba yake kwa ajili ya Gloire. Kijana akauliza kama na mimi ni wake. Papa akacheka kidogo kwa pua, akasema eish, huyu ni wa dada yangu, lakini andika namba hiyohiyo.

Sitasema mengi juu ya bahari. Ilikuwepo. Kulikuwa na watu wengi hivi kwamba maji hayakuonekana mpaka uyakanyage, na harufu ya mafuta ya kupaka, ya nyama za kuchoma na ya jasho la safari. Gloire alitaka kwenda kwenye mabwawa ya watoto, nikamshika mkono nikampeleka, na tulipogeuka hatukuona tena mwavuli wetu. Miavuli ilikuwa ya rangi moja. Nilimbeba, nikatembea huku na huku, mpaka mwanamke mmoja wa kizibao akatushika akatupeleka kwenye hema la watoto waliopotea. Ndani mlikuwa na makumi ya watoto wanaolia na juisi mkononi. Gloire akaanza kulia nao. Mimi sikulia, kwa sababu huwezi kulia kwenye mtihani.

Msimamizi wa hema alikuwa mama wa Kizulu mwenye kofia pana, mtu wa utaratibu. Alisoma tepe zetu, akapiga simu, kisha akaniuliza kwa Kiingereza baba yangu yuko wapi. Nikamjibu kama nilivyofundishwa. Nikamwambia papa yangu yuko Johannesburg. Nilijibu vizuri, kwa sauti ya darasani, nikatamani papa angekuwepo asikie.

Walipofika yeye na mkewe, Gloire alirukia shingo ileile na yule mama akamwachia papo hapo. Kwangu mimi akaweka mkono mbele. Akamwuliza papa mimi ni nani kwake. Papa akasema mtoto wa dada. Dada yuko wapi? Joburg. Yule mama akasema kwamba hapo mtoto anaondoka na baba au mama tu, wengine wote wanangoja polisi, kwa sababu kila mwaka kuna watu wanakuja kuchukua watoto wasio wao. Alisema kwa upole. Papa aliposikia polisi akaanza kupangusa uso, maana makaratasi yetu sisi wakimbizi hayapendi kusomwa siku ya sikukuu. Neno moja la kweli lingetutoa wote pale. Lilikuwa fupi, hata Gloire alikuwa analijua. Nilimtazama mdomo, nikaona anaulamba, anaufunga.

Mama Gloire akasogea mbele. Akasema kwa kile Kiingereza chake cha sokoni kwamba mtoto ni wake, kamzaa yeye, na mume wake amepigwa na jua. Yule mama mwenye kofia akaniinamia, akaniuliza kama huyu ndiye mama yangu. Mimi nikamtazama papa, yeye ndiye aliyekuwa na majibu. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Basi nikasema ndiyo, na papa akashusha pumzi ndefu ambayo naisikia hadi leo.

Tukatoka. Mama Gloire hakwenda mbali, alisimama nyuma ya gari la aiskrimu, akampa Gloire aiskrimu anyamaze, akamgeukia mumewe. Mimi nilikuwa katikati yao. Hakuna aliyeniambia nisogee.

"Minajua tangu siku ya kwanza," akasema. "Nilikuwa nangoja useme we mwenyewe."

Papa akatazama mchanga.

"Nitamulea," akasema Mama Gloire. "Sina shida na yeye, mtoto iko na adabu. Lakini simama kanisani useme ni yako. Mimi sitaficha mtoto ya mtu ndani ya nyumba yangu kama kitu ya wizi."

"Watu watasema nini?"

"Watakuita jina yake. Ni jina tu."

Mnaweza kudhani nilivunjika moyo. Hapana, nilifurahi. Nilichosikia mimi ni kwamba mtihani umepangiwa siku, na kwamba mama mwenye nyumba yuko upande wangu. Siku ya kusimama ilijulikana: Jumapili ya kwanza ya mwaka ni ya shukrani, kila baba anakwenda mbele na watu wake wote, anapewa kipaza sauti, anasema anachomshukuru Mungu. Mama Gloire alimtafuta fundi akanunua mita nyingine za kile kitenge cha ndege, na safari hii nikapimwa. Papa alituona tukipima, akanyamaza. Mimi nikasema moyoni kwamba amekubali. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kusimama bila kujikuna, nikitamka kimyakimya Papa na jina langu, nione litakavyosikika likitoka kwa watu wengi.

Jumapili ikafika. Tukaitwa mbele, wanne wa kitambaa kimoja, na watu wakapiga vigelegele kwa jinsi tulivyopendeza. Mama Gloire alinishika mkono. Papa akachukua kipaza sauti, akakipuliza, akamshukuru Mungu kwa uhai. Akashukuru kwa mke mwema. Akashukuru kwa kazi. Akashukuru kwa Gloire, mtoto wake wa kwanza, akasema hivyo kabisa, wa kwanza. Kisha akanitazama, nami nikanyoosha shingo.

"Tena ninashukuru juu ya mugeni wetu," akasema, "mtoto ya dada yangu. Wiki hii anarudia Joburg. Mumuombee safari."

Wakaniombea. Kanisa zima liliinua mikono, likafumba macho, likaomba nirudi salama nilikotoka. Mkono wa Mama Gloire ulinibana mpaka vidole vikauma, halafu ukaachia. Aliuachia polepole na hakuushika tena, hata wakati wa kushuka ngazi. Alikuwa ameweka sharti, na alikuwa mtu wa neno lake. Watu wakisikia kisa hiki humsifu yeye, na anastahili, lakini na yeye nina kinyongo naye. Angeweza kunibakisha hata kwa wizi. Mimi ningekubali kuwa kitu cha wizi.

Mama alikuwa ameshaanza kazi. Nilirudi Yeoville kulelewa na jirani, nikimwona mama mwisho wa mwezi, na hivyo ndivyo nilivyokua. Nilipokuwa mtu mzima kazi ndiyo iliyonileta Durban, nikapanga Queensburgh, mbali kidogo na Albert Park, na sijawahi kwenda kumtafuta. Akitaka kunijua ana masikio ya kunitambulia.

Siku ya kuondoka Mama Gloire alinifungia mikate kwenye gazeti, akabaki nyumbani na mtoto. Papa akanisindikiza stendi. Ndipo nilipotambua kwamba, tangu aliponipokea, ilikuwa mara ya kwanza tunatembea wawili tu. Alibeba begi langu. Stendi ilijaa watu wa Joburg wenye chupa zao za maji ya bahari, wakipiga kelele za Kizulu, na hapakuwa na hata mmoja anayetujua. Hapakuwa na mchungaji, hapakuwa na Mama Gloire, Gloire alikuwa amelala. Nikaona sasa haiwezi kumgharimu chochote. Nikamvuta shati.

"Papa," nikasema.

Akageuka kwanza kutazama nyuma. Alitazama watu wote wale wasiomjua, kulia na kushoto, akahakikisha. Kisha akainama karibu na sikio langu.

"Tonton," akasema. "Usizoee vibaya."

Nikapanda, nikapata kiti cha dirishani. Yeye akasimama palepale chini, mikono mfukoni, akingoja basi liondoke. Dereva alipowasha injini nikafungua kioo, nikajua kabisa sasa ni jibu gani linalotakiwa, na nikalitoa kwa sauti ya kusikika stendi nzima.

"Kwaheri, tonton."

Akatabasamu. Kwa msimu wote ule sikuwa nimeona meno yake. Akatabasamu vizuri, uso mzima, akanipungia mkono hadi basi likakata kona.